Viatu Mlangoni mwa Banda la Nyanya

Haya niliyapata kwa binamu yangu Wambua, na Wambua si mtu wa kutia chumvi.

Siku yenyewe ilianza kawaida tu. Chuo cha kilimo alichosoma, nje kidogo ya Riyadh, kilikuwa kwenye msimu wake wa kwanza wa soka, na mchana huo timu ilikuwa na nusu fainali. Wambua ndiye aliyekuwa nahodha. Golini alisimama Alfayo, Mkenya mwenzake, mikono mipana kama koleo. Kipa wa akiba alikuwa Lewis, aliyelala chumba kimoja na Alfayo.

Lewis alikula benchi msimu mzima. Alimchekea Alfayo, akambebea glavu, wakapiga picha pamoja za kutuma nyumbani, lakini moyoni alikuwa anaungua. Mama yake alishautangazia mtaa mzima kwamba mwanawe ndiye kipa huko Saudia, na yeye hajaugusa mpira.

Sasa, chuoni hapo hakuna aliyeingia banda la nyanya na viatu vya nje, asije akaingiza ugonjwa. Unavua mlangoni, unavaa buti za mpira zilizomo ndani. Kwa hiyo viatu vikiwa mlangoni, mtu yumo. Visipokuwepo, hamna mtu. Fundi wa dawa ya wadudu hakuangalia kingine. Akikuta mlango mtupu, anafunga komeo na kufukiza.

Alfayo alipenda kujilaza humo baada ya chakula, maana mlikuwa na mafeni makubwa na ubaridi mtamu. Lewis akapita, akaziona raba zake nyeupe zenye kamba za kijani. Kocha hakuwa na mzaha: atakayechelewa basi la timu hachezi. Lewis akazitia kwenye begi lake, akaenda kuzifukia kwenye lundo la mboji. Alitaka tu mwenzake ahangaike kuzitafuta.

Mpaka hapo ningeweza kumsamehe. Lakini alipokaa dirishani kwenye basi, alimwona fundi akisukuma mashine ya dawa kuelekea bandani.

"Alfayo yuko wapi?" Wambua akauliza.

"Sijamwona."

Basi likaondoka. Laana yake, basi likaondoka na yeye amekaa.

Lewis alidaka vizuri siku hiyo, wakashinda. Waliporudi wakiimba, waliwakuta watu wamesimama kimya nje ya banda la nyanya. Plastiki ya karibu na mlango ilikuwa imekwaruzwa kwa kucha, upande wa ndani. Mafeni yalikuwa yameimeza sauti yake.

Mwili wa Alfayo ukasafirishwa nyumbani. Mama yake, Selipher, akampigia Wambua simu, timu nzima ikisikiliza.

"Wambua mwanangu, mbona mmeniletea mtoto bila viatu?"

"Havikuonekana, mama."

"Kuna mtu anajua viliko. Aniambie tu, nitamsamehe. Asiponiambia, Alfayo atachukua vya huyo mtu."

Lewis akatazama sakafu.

Kesho yake alifungua mlango wa chumba chake, akazikuta. Raba nyeupe, kamba za kijani. Zilikuwa na unyevu wa mboji, na ncha zake zilitazama ndani.

Viatu vikiwa mlangoni, mtu yumo.

Aligeuka polepole. Chumba kilikuwa kitupu. Ila kitanda cha Alfayo, kilichokuwa kimetandikwa vizuri, kilikuwa kimebonyea katikati.

Akazichoma moto. Zikarudi. Akashika simu ampigie Selipher, akaiweka chini. Fainali ilikuwa Jeddah, na kipa sasa ni yeye. Alijiambia atasema baada ya fainali.

Huko Jeddah walifikia mtaa wa Al-Baghdadiyah, na alasiri wakaenda uwanja wa kukodi. Mazoea yana tabu: hata kwenye chumba cha kubadilishia nguo walivua ndala mlangoni, na kila aliyetoka aliondoka na zake. Wambua akamwambia bawabu, "Viatu vikiisha hapa, funga."

Lewis alibaki wa mwisho. Alikuwa bado hajavaa njumu.

Timu ikapasha misuli. Goli tupu. Wambua akarudi mbio na kukuta komeo limefungwa, na mlango unapigwa kutoka ndani. Na harufu. Harufu ya dawa, ile ile ya Riyadh.

"Mafi viatu! Hakuna!" bawabu akalia. "Wallahi, mlango ulikuwa mtupu!"

"Wambua! Fungua, bana! Yumo humu!"

"Nani?"

"Ni mimi nilivificha! Nilimwona fundi, nikanyamaza! Mwambie mama yake! Mwambie sasa hivi!"

Wambua akavuta komeo. Halikuwa na kufuli. Halikusogea. Ndani Lewis akakohoa. Akakohoa tena. Kisha kucha zikaanza kukwaruza mlango. Chini. Taratibu.

Kimya.

Komeo likateleza lenyewe.

Lewis alikuwa amelala sakafuni, miguu mitupu, njumu zake ziko benchini. Ndala zake hazikuonekana popote. Madaktari walisema ni moyo, wala hawakukuta dawa yoyote.

Wambua alimpigia Selipher, akamwambia yote.

"Asante, mwanangu," akanong'ona. "Amechelewa kusema."

Jioni hiyo hiyo msimamizi wa chuo alituma picha kutoka Riyadh, mwendo wa siku nzima kwa basi. Mlangoni mwa banda la nyanya kulikuwa na raba nyeupe zenye kamba za kijani. Pembeni yake, ndala za Lewis, zenye jina lake alilolichora kwa kalamu, ncha zikitazama ndani. Msimamizi alisema alizigusa ndala hizo. Zilikuwa bado na joto.

Nyanya za banda lile zimeliwa na wadudu mpaka mizizi. Fundi amekataa katakata kufukiza. Anasema viatu vipo mlangoni, na yeye hafukizi watu.