Kondoo Mia Mbili kwa Ajili ya Mama

Kwetu milimani Wales, kondoo ni wengi kuliko watu, na watu ni wabishi kuliko kondoo. Marehemu Nesta alituzidi sote. Alikuwa akinyoa kondoo kutwa nzima bila kuketi. Kifua kilipombana, alikaza kamba, akaendelea. Moyo ulisimama akiwa kazini.

Binti yake, Lowri, akaahidi kunyoa kondoo mia mbili kwa siku moja. Watu wachange, kijiji kinunue mashine ya kuushtua moyo uliosimama.

Siku ya kujipima, hakula wala hakunywa. Alipofika kondoo wa themanini, misuli ilimkaza, akaanguka juu ya kondoo.

"Ebo! Unanyoa au mnapigana mieleka?" alicheka jirani yao, Bi Meinir, mnyoaji hodari wa zamani.

"Mama hakuwa akipumzika," Lowri alijibu.

"Najua. Nilifanya kazi naye, nikamzika." Bi Meinir aliacha kucheka. "Mwanangu, unamkumbuka mama yako, au unamfuata?"

Lowri akalia. Baba yake, Mzee Idwal, akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Bi Meinir akamletea chai ya maziwa na mkate wa zabibu wenye siagi.

"Jasho hutoka na chumvi," alisema. "Usingoje kiu. Kunywa kidogo kidogo, maji yenye chumvi kiasi na sukari. Kila baada ya saa mbili zima mashine ya kunyolea, ule, ubadili fulana. Na kifua kikimbana mtu, hilo halingoji. Aketi, na gari la wagonjwa liitwe papo hapo."

"Wataniona mvivu."

"Atakayekuona mvivu, aje anyoe yeye!"

Siku ikafika. Jamani, nilikuwepo nikifagia manyoya, na sijaona kazi kama ile! Lowri alinyoa kwa saa mbili mbili. Alipumzika, akala, akarudi. Kondoo mia. Mia na hamsini. Kijiji kizima kilikuwa kikihesabu kwa sauti.

Walipobaki sita, Lowri alimwona baba yake ameegemea ukuta, jasho likimtoka, mkono kifuani.

"Baba, una nini?"

"Kimenibana kidogo tu. Maliza kwanza, wamebaki sita."

Lowri akazima mashine ya kunyolea. Akamkimbilia.

"Keti, Baba. Bi Meinir, piga simu!"

Gari lilifika upesi. Hospitalini daktari alisema mshipa mmoja wa moyo ulikuwa umeziba, nao wameuzibua. Wangechelewa kidogo, mambo yangekuwa mengine. Nasi tuliochanga tulitoa kila tulichoahidi, na mashine ya moyo ikanunuliwa.

Asubuhi Mzee Idwal alifungua macho, akamkuta binti yake kando ya kitanda.

"Wale sita aliwamaliza nani?"

"Hakuna, Baba. Bado wana manyoya yao."

Mzee akamshika mkono. Akalia, kwa mara ya kwanza tangu tumzike Nesta.