Uzito Chini ya Reli

Rafiki yangu mchomeleaji aliunda baiskeli ya milimani pamoja na mdogo wake: fremu ya chuma, springi za mbele tu, nyuma hakuna hata pa kukalia. Ilipokamilika, wakagombea nani aipande kwanza.

"Toka kwangu!" alimfokea.

Mdogo wake akaondoka bila kuaga. Wiki ya tatu ikaja habari kwamba amefariki. Rafiki yangu aliniambia hakulia, maana kinyongo kilikuwa bado kimemkaba.

Mchana mmoja akaipanda kumpelekea mteja bawaba za mlango. Akakata njia ya msituni mpaka kwenye handaki chini ya reli, ambamo ni giza tupu hata jua likiwa la utosini. Katikati, baiskeli ikawa nzito ghafla. Gurudumu la nyuma likabonyea, likawa linakwaruza mawe. Kisogoni akasikia mtu anahema.

"Nani?"

Kuhema kukakoma, lakini uzito ukabaki. Akakanyaga pedali kwa nguvu zote mpaka akatokea kwenye mwanga.

Mteja alipompokea, akachungulia nyuma yake. "Fundi, ulimbeba nani?"

Akajitazama. Shati lilikuwa limekunjamana kiunoni, na kila upande lina alama za vidole vya matope, bado mabichi.