Toa ya Kati

Jina lake halisi alilijua mama yake. Watu wengine wote walimwita Mjuzi, na hakuwahi kugundua kwamba lilikuwa tusi. Jioni hiyo alishuka gatini saa kumi na mbili kasoro, mkoba wa vifaa begani, dharau imemjaa mdomoni kama mate. Kazi ya nusu saa, alimwambia mkewe. Betri za boti hazijai. Chai isingepoa kabla hajarudi.

Boti ilikuwa ya mbao, kuukuu, nyumba ya nesi mstaafu aliyeishi humo peke yake. Ilivuja. Kila baada ya dakika chache pampu ndogo iliunguruma chini ya sakafu, ikatema maji nje, ikanyamaza. Pampu hiyo ilitegemea betri tatu za ndani, zilezile za taa na redio. Na betri zilikuwa zinakata roho. Zikizimika nesi amelala, angeamkia majini, kama angeamka.

"Karibu, mwanangu," nesi alisema. Alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, mlangoni. "Leo pampu inahema kama mgonjwa wangu wa mwisho."

"Betri si mgonjwa, mama. Nipishe."

Alishuka ngazi tatu. Chumba cha chini kilikuwa kifupi, kinanuka mafuta ya injini na nguo mbichi. Akafunua kasha la betri, akagusisha mita. Kumi na moja nukta tisa. Akamwagiza nesi awashe injini. Pale kwenye altaneta, inapotoka chaji, mita ikasoma kumi na nne. Kwenye betri, kumi na mbili tu.

"Volti mbili zinapotea njiani," alisema, kwa sauti ya kumfundisha mtoto kuhesabu vidole.

Akaufuata waya kwa tochi. Kando ya kasha akakuta kiungo. Kimefungwa kwa plasta ya hospitali.

Mafundi wana ibada yao: kabla hujashika kazi, mtukane aliyekutangulia. Mjuzi alikuwa muumini safi.

"Nani alikufanyia kazi hii?" alicheka. "Huyu alikuwa fundi au mfunga vidonda? Hata kuku anaparua jaa kwa mpango zaidi kuliko hivi."

Ko.

Kitu kiligonga. Ndani ya kasha.

"Mseme taratibu," nesi alinong'ona. "Yupo."

"Yupo wapi?"

"Alifia hapo ulipopiga magoti. Mwezi uliopita. Mwili waliutoa… yeye hakutoka. Plasta nilimpa ya kidole alichojikata. Isome. Aliiandika mwisho mwisho, kabla sijamfikia."

Mjuzi akamulika. Herufi za kalamu, zimelala kama walevi. TOA YA KATI.

"Waliokuja kumchukua hawakukubali kugusa kitu," nesi aliendelea. "Na mimi uzito ule siuwezi. Nitolee, mwanangu. Na huo mlango wa juu usiufunge."

Mjuzi akapima betri ya kwanza. Kumi na mbili. Ya kati. Kumi na mbili. Ya mwisho. Kumi na mbili.

"Zote sawa. Sasa hiyo ya kati ina kosa gani?"

Mwanagenzi wa miezi miwili angeweza kumwambia. Betri zilizofungwa pamoja husoma pamoja. Maiti ukimsimamisha katikati ya wazima wawili, kwa mbali utadhani naye amesimama. Mtenganishe kwanza, ndipo umpime. Lakini nani angemwambia Mjuzi?

"Mama, wewe kazi yako sindano. Panda juu, unanizibia mwanga."

Nesi akapanda. Manyunyu yakaanza, tone moja likaangukia mita. Mjuzi akavuta mlango wa juu, akasukuma komeo.

Kiungo hakukisafisha. Kukisafisha kungekuwa kumheshimu aliyekifunga. Alichukua waya mnene, akauvuta kutoka altaneta hadi kwenye betri moja kwa moja, akiruka kila kitu kilichowekwa njiani kuizuia chaji isizidi. Mita ikapanda. Kumi na nne. Kumi na tano. Akatabasamu kama baba wa pacha.

Ko. Ko.

Kutoka ile ya kati.

"Gonga tu," alisema. "Ungejua kufunga waya usingekufa."

Ndipo harufu ikaja… Mayai viza. Kidogo kwanza, kisha yakamjaa kooni. Macho yakawasha. Akaigusa betri ya kati: ya moto, kama paji la mwenye homa. Tumbo lake la plastiki limevimba.

Ko. Ko. Ko.

Kisha, ghafla, harufu ikaisha. Mjuzi akashusha pumzi. Unaona?

"Fundi," nesi aliita kutoka juu. "Harufu gani hiyo?"

"Imeisha."

"Haijaisha. Inanichoma mimi huku nje. Pua yako ndiyo iliyoisha… Fungua, mwanangu."

Angefungua. Miguu ilikataa. Alisikia nesi akizima injini, akipiga mlango kwa ndoo, akiita watu. Mbali. Mbali sana.

Kando ya mkono wake palikuwa na mkono mwingine.

Haukumkaba. Haukumgusa hata. Ulikuwa unahangaika na nati ya betri ya kati, polepole, kama mtu aliyejaribu jioni nyingi. Kidole kimoja kilikuwa na jeraha bichi, halina plasta. Nati haikuzunguka. Mkono ukakata tamaa. Ukaingia mfuko wa shati la Mjuzi, ukatoa kalamu, ukamwekea kiganjani.

Ukamfumba vidole.

Waliovunja mlango walisema ni gesi. Betri iliyooza ikilazimishwa chaji hutoa hewa inayoua pua kwanza, kisha mwenye pua. Walisema vizuri. Hawakusema kwa nini pampu iliendelea kufanya kazi hadi asubuhi, injini imezimwa, waya umeungua, taa zote zimekufa. Nesi aliisikiliza usiku kucha. Anasema ilikuwa ikiunguruma kwa zamu, kama watu wawili wanaopokezana.

Mjuzi aliwasikia wote. Alitaka kuwasahihisha. Sauti haikuwepo.

Jioni ya siku ya nne, nesi bado anachota maji kwa ndoo, akasikia hatua gatini, nyepesi, za viatu vipya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Fundi mwanamke, kijana, mkoba mpya. Alitundika spana yake kubwa kwenye msumari kando ya mlango wa juu. Akapiga magoti. Akapima ya kwanza, ya kati, ya mwisho. Akaufuata waya kwa tochi hadi kwenye plasta, na Mjuzi akasogea, na yule mwenzake akasogea, kama wanafunzi wanaosubiri matokeo.

Sasa mistari ilikuwa miwili. TOA YA KATI. Na chini yake, kwa mkono mwingine: TOA YA KATI, NAKUOMBA.

Neno hilo la mwisho, mkewe hakuwahi kulisikia kwake.

Msichana alisoma. Kisha mabega yakaanza kumcheza kwa kicheko.

"Nani alikufanyia kazi hii?"

"Waseme taratibu," nesi alinong'ona.

Ko, Mjuzi aligonga. Ko. Ko. Ko.

Juu, manyunyu yalianza. Tone moja likaangukia mita. Komeo nesi alikuwa ameling'oa, lakini mlango bado ulifungika. Msichana akainua mkono kuelekea juu, mahali palipokuwa na vitu viwili tu vya kushika: mlango, na spana.