Misumari ya Kasha la Bi Jokha

Kitambaa cha bawa la ndege kilikuwa kimebonyea. Si sana, kadiri ya mtu mwembamba aliyekalia pembeni akanyanyuka. Hamoudi alisimama mbele yake ndani ya ghala la mbata pale Dunda, jua la adhuhuri likichoma bati juu ya kichwa chake, akakikodolea macho kwa hasira. Ni yeye mwenyewe aliyekivuta kitambaa kile, akakishona, akakipigilia, akakipaka dawa mara nne mpaka kikakaza kama ngozi ya ngoma. Kitambaa cha namna hiyo hakibonyei. Aliweka kiganja pale palipobonyea, na kitambaa kikapanda polepole, kikarudi mahali pake. Kiganja chake kilibaki na joto.

"Unyevu," alijiambia. "Unyevu tu."

Mjuaji hakosi jibu, na Hamoudi alikuwa mjuaji kupindukia. Wakati wa vita alikaa Nairobi miaka mitatu, kwenye karakana ya jeshi, akishona viti na mabawa ya ndege. Basi aliporudi Bagamoyo, mafundi wote wa pwani akawaona washona viraka. Ukimwonyesha mlango uliochongwa na babu yako, anatafuta kasoro. Ukimpa chai, maji hayakuchemka. Khairat, mkewe, mtu mpole asiyejua kumrudishia mtu neno, kila akipakua chakula alikuwa anasimama kando kungoja kuambiwa leo amekosea nini. Na huyu bwana anakula, anamaliza, anaramba vidole, kisha ndipo anasema chumvi imezidi.

Mwaka huo, hamsini na tatu, Bwana Yani, Mgiriki aliyesimamia shamba la mkonge upande wa Makurunge, alikuwa na ndege kuukuu iliyolala bandani miaka na miaka, kitambaa cha mabawa kimeliwa na panya, imebaki mifupa. Mashine aliitengeneza mwenyewe. Mabawa mawili akamletea Hamoudi, na Hamoudi akayapokea mbele za watu, kifua mbele, akisema kazi hiyo Tanganyika nzima haina mwingine.

Kazi yenyewe aliijua, tusimnyime haki yake. Kitambaa cha kitani hushonwa kwenye mbavu za mbao kwa uzi uliopakwa nta. Pembeni kinakokunjwa hupigiliwa misumari midogo ya shaba, myembamba, vichwa bapa. Ya chuma haifai. Chuma kikipata chumvi ya baharini kinaota kutu, kutu inakula kitambaa, na kitambaa kikichanika angani hapana mahali pa kusimama ukashona.

Misumari ya shaba ya namna ile ndiyo iliyokosekana. Alikwenda Dar es Salaam, akazunguka maduka yote ya Wahindi; wakamtolea misumari ya viatu, misumari ya makochi, misumari ya mabati. Ya kuagiza Ulaya, miezi minne. Mtu mwingine angemwendea Mgiriki akamwambia, bwana, sikupata, tungoje. Lakini neno "sikupata" Hamoudi hakuzaliwa nalo. Alirudi nyumbani amenuna, akakaa ukumbini, na jicho lake likaangukia kasha la mama mkwe.

Kasha hilo Bi Jokha alilirithi kwa mamake. Ndani ya kifuniko kulikuwa na kitambaa chepesi cha bafta nyeupe, imepigiliwa kuzunguka pande zote kwa misumari midogo ya shaba, mia na thelathini, vichwa bapa. Nyuma ya bafta ndipo alipofungwa jini wa nyumba ile. Alimpanda mamake Bi Jokha alipokuwa mwari, akamtesa miaka, mpaka akaletwa mwalimu akamfunga, kila msumari kwa Yasini yake. Ni jini anayefuata wanawake wa ukoo ule, mama hata binti. Kila Shaaban Bi Jokha alifukiza ubani, akaisugua ile misumari kwa ndimu, mmoja mmoja, na bismillahi yake, mpaka ing'are. Hapana mwingine aliyeigusa. Hamoudi aliuita mchezo huo uchafu wa akili.

Siku Bi Jokha alipokwenda Lugoba kwenye matanga, Khairat alimwona mumewe anavyolitazama kasha. Akamjia karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Usiliguse, bwana. Mama kazeeka. Nimebaki mimi tu wa kupandwa."

"Nani kakwambia naligusa?"

Akangoja mkewe aende kisimani. Akatoa misumari yote kwa koleo, kwa ustadi, bila kuchana bafta. Nyuma yake palikuwa na ubao mtupu. Alicheka peke yake, mjinga yule, akaugonga ubao kwa kidole akauliza kuna mtu humo. Kisha akairudisha bafta kwa misumari ya chuma aliyoipaka rangi ya dhahabu, akalifunga kasha, akanawa mikono. Misumari ya shaba ilitosha bawa la kwanza lote, na ikabaki ya la pili. Hapo alijiona mwerevu kuliko wote waliokwisha zikwa.

Sasa basi, bawa la kwanza limekwisha na linabonyea. Hamoudi alilipa mgongo, akaendelea na la pili, lililobakia misumari tu. Dawa ya mabawa hunuka ndizi zilizoiva zikapita kiasi, na harufu hiyo alikwisha izoea. Lakini mchana ule, chini ya ndizi, palikuwa na harufu ya udi, na hapana aliyechoma udi. Alipigilia msumari. Ndani ya bawa kukajibu, tk. Alisimamisha nyundo. Akapigilia mwingine mara mbili, na ndani kukajibu mara mbili, tk, tk, pale pale chini ya mkono wake. Panya, alisema, na panya gani anayejua kuhesabu hakusema. Akapigilia tena, haraka zaidi, na kule ndani kukafuata haraka zaidi, ubavu hata ubavu, mpaka ikawa hajui ni nyundo yake inayotangulia au ni yule mwingine, na harufu ya udi ikapanda ikamjaa kooni, na kitambaa cha bawa la kwanza, nyuma yake, kikaanza kuvuta na kushusha, kuvuta na kushusha, kama kifua cha mtu aliyelala usingizi mzuri, naye hakugeuka kutazama, alipigilia tu, kwa sababu fundi wa Nairobi hakimbizwi na kitambaa, hata alipotia msumari wa mwisho, kukanyamaza kote kwa mara moja. Suruali yake ilikuwa imelowa, na tusiseme kwa jasho peke yake.

Alipofika nyumbani, alasiri haijaadhiniwa, Bi Jokha alikuwa amekwisha rudi. Alikaa kitandani kwa Khairat, amemshika kichwa.

"Ana nini?" Hamoudi aliuliza.

"Punguza sauti," alisema Bi Jokha. "Mikono inamchoma. Tangu adhuhuri analia tk, tk, kama mtu anayepigwa. Umepigilia nini leo, Hamoudi?"

"Kazi yangu."

Bi Jokha aligeuka kwa Khairat. Alikunja mikono ya kanzu ya bintiye. Kutoka begani hata kiganja, mkono huu na huu, palipita mstari wa vidoa vyekundu, vya duara, kila kimoja ukubwa wa kichwa cha msumari, vimeachana kwa upana wa vidole viwili. Hamoudi aliitambua nafasi ile. Na sikilizeni mtu huyu alivyo: mkewe yuko pale amekauka midomo kwa maumivu, na jambo la kwanza lililompitia moyoni ni kwamba mstari umenyooka.

"Nimelifungua kasha," alisema Bi Jokha. "Nilitaka kumfukizia mwanangu. Nikatia ndimu, rangi ikatoka mikononi mwangu. Bafta yote ina kutu."

"Nitakununulia bafta nyingine, mama."

Hapo Bi Jokha alimtazama namna ambayo mtu hutazama kitu alichokikanyaga njiani.

Wakamwita Bi Sikuzani, mganga wa Dunda. Akafukiza, akasoma, akamfunika Khairat shuka. Haikuchukua muda. Sauti iliyotoka chini ya shuka ilikuwa ya mwanamume mtu mzima, taratibu, haina haraka na mtu.

"Salaam aleikum, Sikuzani."

"Waaleikum salaam, bwana mkubwa. Mtoto huyu kakukosea nini?"

"Hajanikosea. Nilikuwa nimelala. Kuna mtu kanigongea ubao akaniuliza kama nipo. Mimi sisemi naye. Mwambie wewe. Mkono ulioitoa misumari ndio uitoe tena, yote, uirudishe kwenye matundu yake. Nitarudi ndani, nitalala. Lakini bawa likiondoka ardhini na misumari yangu, sina tena kifungo. Nitakaa hapa nilipo."

Khairat akajinyoosha, akafumbua macho, akawa yeye. Bi Sikuzani alimvuta Hamoudi ukumbini.

"Umesikia. Ndege haijaruka bado?"

"Bado."

"Basi mkeo ni wako bado. Nenda."

Alikwenda, na koleo mfukoni. Tumpe hilo: alikwenda kweli, alikimbia hata, kanzu ameishika mkononi. Lakini nje ya ghala palikuwa na lori la mkonge, na ndani alikuwamo Bwana Yani na Wazungu watatu, wageni wake. Walikuwa wanapitisha vidole pembeni mwa bawa la pili, wakiinama, wakitazamana.

"Hamoudi," alisema Bwana Yani. "Nachukua leo, nafunga usiku, kesho naruka Tanga. Huyu rafiki yangu alikuwa rubani. Anasema hata kwao hajaona mkono kama wako. Shaba umepata wapi?"

Yalikuwa maneno machache tu. Bwana, misumari si yangu, nipe siku mbili. Alikuwa nayo mdomoni. Yule rubani akamnyooshea mkono kumpa hongera, Mzungu mzima, mbele ya wapakizi na wapita njia waliokwisha jaa mlangoni. Na Hamoudi akautoa mkono wake mfukoni, koleo akaliacha humo, akaupokea.

"Kwangu ni kazi ya kawaida," alisema.

Akasimamia mwenyewe kupakia. Akawagombeza wapakizi wasije wakakwaruza.

Nyumbani Khairat alikuwa ameketi, ameegemea mto, anatetemeka. Bi Jokha alikuwa kwenye mswala. Khairat akamwuliza kwa sauti ambayo ukutani isingefika.

"Umeitoa?"

"Nimeitoa."

"Yote?"

"Yote. Iko ghalani. Kesho nitairudisha kwenye kasha."

Khairat akashika mkono wa mumewe, akaubusu. Akaomba uji, akanywa bakuli zima, na kwa mara ya kwanza tangu adhuhuri akalala. Hamoudi alilala vilevile. Alijiambia mambo ya wanawake hupoa yenyewe.

Asubuhi, kiasi cha saa tatu, ndege ilisikika upande wa Makurunge. Dunda nzima ikatoka nje. Hamoudi alisimama katikati ya ua, amevaa kofia yake ya darizi, akingoja watu waseme mabawa yale ni ya nani. Ndipo Bi Jokha akamwita kutoka chumbani, kwa jina tu, bila kupaza sauti, na kitu katika sauti ile kikamfanya aingie.

Khairat alikuwa amekaa kitako kitandani, macho yamemtoka. "Nini kile kinachopita juu?" alikuwa anamwuliza mamake. "Mama, ile ni nini? Kasema kaitoa." Mamake alikuwa amemshika mabega. Kadiri mngurumo ulivyokaribia mikono ya Khairat ilianza kunyanyuka, huku na huku, si kwa nguvu zake, maana alikuwa anaishusha na inapanda, anaishusha na inapanda, mpaka ikanyooka sawasawa usawa wa mabega na Bi Jokha akaning'inia kwenye mmoja asiweze kuukunja, na ngozi ya mikono ile ikaanza kukaza, kutoka doa hata doa, ikavutika ikang'ara, na ndege ilipopita juu ya paa lao, chini kabisa, kivuli chake kikikata dirisha, Khairat alimtazama mumewe, yeye mwenyewe Khairat, akasema taratibu, "Kumbe ulinidanganya," na hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yaliyosikika katika nyumba ile.

Ngurumo ikaenda ikipungua upande wa Tanga. Mikono ikashuka. Vidoa vikafifia, ngozi ikawa safi.

Akashuka kitandani. Alikwenda ukumbini kwa hatua za mtu aliyenenepa, akakalia kiti kikubwa, kile cha mwenye nyumba, akakunja nne. Akajipangusa goti. Bi Jokha alimfuata hadi mlangoni, akakaa chini, akajifunika uso kwa kanga yake.

"Nyumba hii," ilisema ile sauti, haikumwelekea mtu, "wakubwa hawaamkiwi?"

Nje watu walikuwa wanamwita Hamoudi, wampongeze. Alisimama pale ukumbini. Akatazama uso wa mkewe, akatafuta humo, akatafuta tena. Kisha akavua kofia, akapiga magoti.

"Shikamoo," alisema.

Yule aliyekaa kitini alikuwa anatazama mlangoni. Hakuitika.