Tuta la Kibwana

Rafiki yangu Kibwana wa Kisarawe hakuwa mwongo, na anayemcheka ananiudhi. Enzi za Mwingereza alinunua pikipiki kuukuu ya jeshi, akachonga njia ya kuichezea ndani ya shamba lake la mikorosho. Katikati akajenga tuta la kurukia.

Asubuhi moja alipokwenda kuiparua njia, akakuta tuta limerefushwa kama kaburi, limemwagiwa maji toka kichwani hadi miguuni, kama tufanyavyo tukishazika. Akamvaa jirani yake, Bi Mwanamkuu, bila hata shikamoo.

"Wajukuu zako wananichezea tuta langu!"

"Wajukuu zangu wako Mlandizi, baba. Hilo usilibomoe kabla hujalisomea Fatiha."

"Niusomee udongo wangu mwenyewe? Upuuzi mtupu!"

Akalibomoa kwa hasira, akachimba mpaka kwenye ardhi ngumu. Hamkuwa na kitu. Akalijenga upya. Magharibi ilipoingia, akatia jembe begani aondoke, akasikia maji yakimwagwa nyuma yake. Akageuka. Hapakuwa na mtu, ila tuta lilikuwa refu tena, limelowa. Akainama, akatega sikio.

Chini ya udongo mtu alikuwa akifoka, "Upuuzi mtupu!" Na sauti ilikuwa ya Kibwana mwenyewe.