Wimbo Uliokatwa Mwisho

Siku ya kwanza Dama alicheka, na kicheko hicho anakijutia mpaka leo. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua la Msambweni limekwisha kuwa kali, naye yuko jikoni anachuja chai. Mdogo wake Sefu akapita ukumbini amechuchumaa, kikombe mkononi, mgongo ameubana ukutani. Alipofika chini ya dirisha akainama zaidi, akavuka, akajikunja nyuma ya kochi. Chai haikumwagika hata tone.

"We Sefu, weee! Mchezo umekupanda kichwani?"

Sefu akaweka kidole mdomoni. "Polepole, dada. Atatusikia."

Mtu mzima wa miaka ishirini na sita, mwenye ndevu zake! Dama alicheka hadi akashika kiuno.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kompyuta, waliokuwa wakiutengeneza wao. Tangu wazazi walipofariki, ukumbi wa nyumba ile ulikuwa umegeuzwa ofisi ya watu watatu na kompyuta tatu. Sefu aliandika programu. Beryl, msichana wa Kisumu aliyekuja pwani kutafuta kazi ya hoteli, alichora. Dama alitunga hadithi na kutia sauti. Hadithi ilikuwa ya dunia iliyokwisha: Diani haina mtu, mahoteli yamebaki magofu, mabwawa ya kuogelea yameota magugu, na mama mmoja anapita chumba hata chumba akitafuta dawa ya mwanawe. Silaha hana. Anachoweza ni kunyata, kurusha chupa ili amzuge adui, kujificha nyuma ya makabati, na kubonyeza kitufe cha kuzuia pumzi. Maana mle ndani mna Jitu, halina macho, lina masikio tu, na kila lilipokaribia ulisikika wimbo.

Wimbo huo Dama aliuiba, na mimi sitautafutia wizi neno tamu. Shangazi yao, Bi Maimuna wa Kibuyuni, alikuwa mkulima wa mwani na fundi wa kupunga pepo. Wimbo wake una mwanzo wa kumwita pepo na mwisho wa kumuaga. Hauimbwi ovyo. Sharti mkeka utandikwe, udi uwake, marashi ya halwaridi yanyunyizwe, na mtu awe ameketi tayari kuwa kiti cha huyo aitwaye. Dama aliurekodi kwa simu aliyoificha ndani ya leso. Alipofika nyumbani akakata sekunde kumi na mbili za mwanzo, akaziunga zijirudie. Ule mwisho akaufuta, kwa kuwa ulikuwa mpole mno, haumtishi mtu. Jina la pepo limo mle, nami silitaji, nina watoto nyumbani.

Basi Sefu, kazi yake ilikuwa kuujaribu mchezo. Alikufa mle mchezoni, akaanza upya. Akafa tena, akaanza tena. Miezi miwili, kutwa mara hamsini, wimbo uliita ndani ya ukumbi ule, na hapakuwa na mkeka wala udi.

Siku tatu baada ya kile kicheko, Beryl aliita kutoka mezani kwake. "Dama, hebu kuja uone hii maneno. Nani ametoa Jitu?"

Dama akaenda kutazama. Vyumba vya hoteli vilikuwepo, magugu yalikuwepo, mama yule amechuchumaa mlangoni kama kawaida. Jitu halikuwepo. Beryl alipita ghorofa zote tatu, akarusha chupa kila pembe, hakikuja kitu.

"Sefu, umelifuta?" Dama akauliza.

Sauti ya Sefu ilitoka chini ya meza, ndogo. "Sikulifuta, dada. Limetoka."

Beryl akavua vipokea sauti masikioni, akavitazama, akaviweka mezani polepole. "Mimi sijawasha sauti," akasema. "Lakini nasikia ile song."

Dama naye aliisikia. Haikutoka kwenye spika. Ilitoka upande wa chumba cha wazazi wao, chumba ambacho kilikuwa kimefungwa kwa kufuli. Pamoja nayo ikaja harufu ya halwaridi, nzito, mchana kweupe, katika nyumba isiyokuwa na hata chupa moja ya marashi. Beryl alichukua mkoba wake akaenda zake Ukunda, na kiatu kimoja alikiacha.

Kuanzia hapo Sefu hakusimama tena wima. Alikaa nyuma ya friji, chini ya kitanda, kati ya kabati na ukuta, na kila Dama alipomwona alikuwa amekodoa macho na hapumui. Mara ya kwanza Dama alihesabu mpaka sitini, kijana akahema. Kesho yake alifika mia na ishirini. Kesho kutwa akapita mia mbili, midomo ikageuka rangi ya zambarau, na Dama akawa anampiga makofi mgongoni huku akilia, "Pumua, Sefu! Pumua, mwana wa mama, nimebaki na nani mimi duniani ila wewe!" Walikwenda zahanati. Daktari akasema kifua ki safi kabisa.

Ndipo alipompigia simu shangazi, akaeleza yote, na wizi akautaja.

Bi Maimuna aliwasili adhuhuri, viganja bado vimenyauka kwa maji ya chumvi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Usinililie. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole." Kisha akamshika shavu. "Ulimwita mgeni, Dama. Ukamwita tena na tena, wala hukumpa pa kukaa wala hukumuaga. Hata mimi ningekasirika. Leo nitamuuliza anataka nini. Wewe kaa jikoni, funga mlango, usiitike lolote."

Akasogeza meza, akatandika mkeka, akawasha chetezo cha udi. Dama alijibanza nyuma ya mlango wa jikoni, jicho kwenye ufa. Shangazi alipoanza kuimba, Sefu alitambaa kutoka chini ya kochi, akaja akaketi mkekani, na moshi wa udi uliokuwa ukipanda ukageuka ukashuka, ukatandaa sakafuni, ukamfunika magoti.

"Hujambo, mgeni," akasema shangazi. "Wataka nini tukupe? Mbuzi? Nguo nyeupe? Halwaridi?"

Midomo ya Sefu ikacheza. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kunong'ona, sauti ya mtu aliyejizoeza asisikike. "Sitaki mbuzi. Wananiita, nikija wanajificha. Mara ngapi nimekuja, Maimuna? Nimekuja nikapita vyumbani, naita nani ananitaka, nasikia mioyo inapiga nyuma ya makabati, hapana anayeniambia karibu. Basi nami nimejifunza kujificha. Nimejificha humu. Nami nimejifunza kuzuia pumzi."

"Mwachie kijana wetu. Taja utakacho."

"Aliyeniita ajitokeze."

Kifua cha Sefu kikasimama.

Shangazi aliimba wimbo wa kumuaga, akaurudia, akanyunyiza halwaridi, akamwaga chupa nzima, akaapa, akabembeleza, na kifua kile hakikuinuka; na nyuma ya mlango Dama alikuwa akihesabu, hakutaka kuhesabu lakini alihesabu, mia mbili ikapita, mia tatu ikapita, na kila tarakimu alikumbuka kwamba yeye ndiye aliyetunga kitufe kile, yeye ndiye aliyesema pumzi ya mchezaji iwe ndefu ili mchezo unoge, na sasa mdogo wake anainamia mkekani macho yamegeuka meupe na yeye dada mtu amejificha jikoni mkono mdomoni kama mchezaji yeyote yule.

Akafungua mlango.

"Dama! Rudi!" shangazi akapiga kelele.

"Ni mimi niliyekuita," Dama akasema. "Karibu. Kiti chako ni mimi."

"Lahaula! Mwanangu, hujui usemalo!"

Dama alikuwa amekwisha keti. Moshi ulimtoka Sefu magotini ukamwendea yeye, na Sefu akavuta pumzi moja ndefu yenye mkwaruzo, akaanguka ubavu, akakohoa, akalia kwa sauti yake mwenyewe. Shangazi alimkumbatia yule kijana, lakini macho yake hayakumtoka Dama.

Sefu alipona. Wiki ile ile alitembea wima, akala, akafuta mchezo wote kwenye kompyuta zote tatu. Shangazi aliagiza kila Alhamisi mkeka utandikwe, udi uwake, ndivyo aishivyo kiti, wengi wanaishi hivyo na wanazeeka. Dama alikubali. Maumivu hakuyaona. Ila alisikia. Alisikia sisimizi wakipanda mtungi wa sukari, alisikia mtoto akigeuka tumboni mwa jirani aliyekuwa hajamwambia mtu, na usingizini alisikia nyumba nzima za watu zikipumua mpaka barabarani.

Adhuhuri moja alipakua wali kwa samaki wa nazi, akaingia ukumbini na sahani mbili.

"Sefu, njoo ule, chakula kinapoa."

Ukumbi ulikuwa mtupu. Kiti cha Sefu bado kilikuwa na joto. Dama akaita tena, na alipokuwa akiita akasikia kwamba anaimba ule wimbo wa kumwita pepo, wala hakujua ameanza saa ngapi. Akanyamaza. Katika kimya hicho aliusikia moyo wa mdogo wake unakwenda mbio nyuma ya kabati la mama yao pembeni mwa ukumbi, ukishindwa kujizuia, na machozi yakamtoka Dama kwa kumwonea huruma. Akaweka sahani chini taratibu asije akamtisha.

"Ni mimi, Sefu. Ni mimi dadako," akasema, kwa sauti aliyodhani ni yake.

Nyuma ya kabati, Sefu akajiziba mdomo na pua kwa viganja vyote viwili.