Mstari wa Sitini

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu, saa moja na nusu asubuhi. Siku hiyo naikumbuka kuliko zote, ukiacha ile niliyomzika mke wangu.

Mimi ni mtia dawa wa maji. Kila asubuhi napanda kilimani kwenye tangi la mji, nachota maji kwa chombo kirefu cha kioo chenye alama nyeusi kwenye kitako, kisha nayamwaga kidogo kidogo mpaka alama ionekane; kina kinachobaki ndicho kipimo cha matope. Namimina vikombe vya unga wa dawa, nasubiri nusu saa uchanganyike, ndipo vali mbili, ya mjini na ya bondeni, zinafunguliwa maji yateremke majumbani. Dawa ikipungua, watu wanaharisha. Ikizidi, inaunguza koo na tumbo. Kwa miaka kumi na tisa nilikadiria kwa macho yangu, na sikuwahi kupita vikombe kumi.

Mwaka huo mkuu wa maji aliletewa kompyuta ofisini kwake pale kilimani, zile ndogo za mwanzo: kibodi nene iliyounganishwa na televisheni, na redio ya kaseti ya kuhifadhia programu. Mkuu mwenyewe hakujua hata pa kuiwashia. Wakubwa ndivyo walivyo, kitu kipya ni chao, kukijua ni kazi ya wadogo. Mwalimu wa hesabu akaandika kwenye karatasi programu ya kukokotoa vikombe vya dawa, na binti yangu wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wake, akaichapa.

Wenzake shuleni walimwita Bi Mashine.

"Bi Mashine, leo imekupikia chai?"

"Imekataa. Inasema ianze na wewe, una njaa ya akili."

Kila mstari wa programu ile ulikuwa na namba: 10, 20, 30. Mwalimu aliruka kumikumi makusudi, ili ukitaka kuongeza mstari katikati upate nafasi. Mstari wa 60 ndio uliokuwa mlinzi. Vikombe vikizidi kumi na viwili, mashine isitoe jibu, iandike SIMAMA.

Ijumaa, mwalimu akiwa amesafiri, binti aliongeza mstari wake mwenyewe wa kunisalimu. Alikusudia kuupa namba 65. Akachapa 60. Mashine zile hazikuwa na maswali: ukirudia namba, mstari wa zamani unafutika kimya kimya, mpya unakaa mahali pake. Hakusoma tena alichochapa. Akarekodi kwenye kaseti, juu ya programu ya kwanza.

Jumatatu baada ya shule alirudi, akaionyesha programu yote kwenye televisheni, akailinganisha na karatasi. Mlinzi hayupo! Alikuwa anaanza kuurudisha mstari, mkuu akaingia.

"Nani kakuruhusu? Nikikukuta tena unagusa mali hii, baba yako atatafuta kazi nyingine."

Akaizima mashine, akamtoa nje. Jioni chakula kilimshinda.

"Una nini, mwanangu?"

"Kichwa tu, baba."

Nikamwamini. Alfajiri mvua ikashuka kama iliyokuwa imefungiwa.

Asubuhi hiyo maji ya tangi yalikuwa mazito, rangi ya udongo. Nilimwaga kidogo kidogo kutoka kwenye chombo, hata kikabaki kina cha kidole, alama nyeusi sikuiona. Nikachapa kipimo hicho kwenye mashine kama nilivyofundishwa. Televisheni ikaandika:

VIKOMBE 48. KAZI NZURI BABA.

Nikamwita mkuu.

"Mkuu, arobaini na nane ni sumu hii."

"Wewe umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La tatu."

"Basi mwache aliyesoma aseme. Mashine haikosei. Mimina."

Nilimimina. Naandika hivyo kwa aibu, nilimimina. Kikombe cha kumi, cha kumi na tano. Harufu ikanipanda puani, macho yakawasha, ndege waliokuwa ukingoni mwa tangi wakaruka wote pamoja. Kwenye kikombe cha ishirini na tatu nikasikia miguu inapiga tope. Alikuwa binti yangu, sare imelowa, kiatu kimoja hana.

"Baba, acha! Nimeliona tope kwenye mtaro wa shule, nikajua tangi nalo limechafuka! Mlinzi nimemfuta mimi! Nilijua tangu jana, niliogopa kusema!"

Kikombe kikaniponyoka. Nikakimbilia vali kuhakikisha imefungwa. Nilikuta ya mjini imefungwa, lakini ya bondeni iko wazi, na maji yanavuma ndani ya bomba. Nikaisokota mpaka viganja vikachubuka. Ufunguo wa kufuli lake hutundikwa ofisini kwa mkuu, si kwangu.

"Tuwatangazie watu," nikasema.

"Utawatia watu hofu bure," mkuu akajibu. "Mwaga tangi, nyamaza."

Hatukunyamaza. Mimi na binti tulishuka bondeni, mlango kwa mlango. "Mama, mwaga maji ya asubuhi! Shangazi, usiwape watoto!" Wengine walitutukana. Wengine tulikuta ndoo zimeshajaa, zinanuka. Kwenye nyumba ya fundi viatu mtoto mchanga alikuwa anatapika, tukambeba mpaka zahanati. Alipona siku ya nne.

Mwalimu aliporudi, alimkalisha binti mbele ya mashine, mimi nikiwa pembeni. Waliurudisha mstari wa 60, wakaulinganisha na karatasi neno kwa neno, wakarekodi kaseti mbili, moja wakaifungia shuleni.

"Kukosea namba si dhambi," mwalimu akamwambia. "Mimi nimekosea mara ngapi! Lakini uliyemficha kosa ni baba yako, na ndiye aliyeshika kikombe. Siku nyingine ukiona kosa, sema saa ile ile, hata kama anayekusikiliza amekunja uso. Na wewe mzee, macho yako yakikataa, mkono usikubali."

Maneno hayo yalinichoma, kwa kuwa yalikuwa kweli.

Wiki iliyofuata mkuu aliitisha mkutano. Akasoma taarifa: hitilafu ilisababishwa na mtoto na mtumishi asiyesoma, na imeshatatuliwa. Binti yangu akasimama katikati ya watu wazima.

"Kosa langu nimelisema, na nimewaomba radhi watu wa bondeni nyumba kwa nyumba. Nauliza moja tu, mkuu. Vali ya bondeni, nani aliifungua?"

Mkuu akazipanga karatasi zake. Watu wakasubiri.